Kubadilisha Mandhari ya Picha: Mashine Ikate, Mkono Umalizie

Umepiga picha ya viatu unavyouza na viatu vimetoka vizuri. Shida ni vilivyo nyuma yake: ndoo ya maji, waya wa chaja na kisigino cha mtoto aliyepita mbio. Mteja anayeperuzi status za WhatsApp hana subira ya kubagua kiatu na ndoo. Anapita. Ungependa kiatu kile kile kikae juu ya rangi moja safi, au juu ya meza ya mbao kama vile vya maduka makubwa. Jambo hilo linawezekana, mara nyingi bila kutoa senti, na simu uliyonayo inaweza kutosha.

Kinachobadilishwa ni mandhari ya nyuma, ile ambayo mafundi wa studio huiita bakigraundi. Si tamaa ya jana. Miaka ya 1990 wapiga picha wa pale Likoni, Mombasa, karibu na kivuko, walikuwa na mandhari zilizochorwa kwa rangi, mteja akasimama mbele yake akapigwa picha. Tofauti ya leo ni kwamba mandhari inakuja baada ya picha. Kazi yenyewe ina sehemu mbili: kwanza kukikata kitu kutoka kilipokuwa, kisha kukiweka mahali papya kikaonekana kimezaliwa hapo. Kukata siku hizi kunafanywa na akili unde, yaani programu iliyofunzwa kwa picha nyingi mno hadi ikajua kukisia wapi mtu anaishia na ukuta unaanzia. Kukiweka mahali papya bado kunahitaji jicho lako, na hapo ndipo picha nyingi zinapoharibikia.

Tuanze kabla ya programu yoyote, maana picha iliyopigwa ovyo itakusumbua hadi mwisho. Futa kwanza kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Simu inayokaa mfukoni huwa na mafuta ya vidole na picha hutoka na ukungu. Zima flash. Weka bidhaa karibu na dirisha au mlango ulio wazi, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja, ili mwanga uingie kwa upole. Usivute picha kwa vidole ili ikaribie, sogea wewe. Halafu angalia rangi: kiatu cheusi juu ya zulia jeusi kinaichanganya programu, kama vile nywele nyeusi mbele ya ukuta wa rangi ya kahawia iliyokoza. Tafuta kinyume chake. Karatasi nyeupe ya manila kutoka duka la vifaa vya shule, ukiiegemeza ukutani na kuiacha ijikunje kidogo chini hadi mezani, inakupa nyuma safi isiyo na kona. Kwa bidhaa nyeupe tumia manila ya bluu au ya kijani. Mara nyingine ukishafanya hivyo utagundua picha haihitaji kubadilishwa chochote, na hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote nitakazoeleza.

Kama ni mtu, msogeze mbele ya ukuta hatua mbili au tatu. Kivuli chake hakitaangukia ukutani, na nywele zitaonekana zikiwa peke yake.

Na kama picha umetumiwa? Mwombe aliyekutumia akutumie tena kama faili, kwa kubonyeza alama ya kuambatisha katika WhatsApp na kuchagua "Document" badala ya picha. Picha inayotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi, na kubanwa huko hula kingo za nywele na nyuzi za kitambaa, vitu ambavyo programu inavihitaji ili ikate vizuri.

Sasa kukata. Angalia kwanza kama simu yako tayari ina uwezo huo. Kwenye iPhone kuanzia XS na XR, zenye mfumo wa iOS 16 uliotoka 2022 au wa baadaye, fungua picha, bonyeza juu ya mtu au kitu na usiachie mara moja. Utaona mstari wa mwanga ukikizunguka. Chagua kunakili, kisha kibandike unapotaka. Kazi hiyo inafanyika ndani ya simu yenyewe, haili bando. Baadhi ya simu za Samsung zina uwezo unaofanana na huo: fungua picha katika Gallery, bonyeza kitu kwa muda, nacho kitajitenga. Jaribu tu, kama hakuna kinachotokea, simu yako haina na hujapoteza kitu.

Kama haina, kuna tovuti. Inayojulikana zaidi ni remove.bg, iliyoanzishwa Vienna, Austria, mwaka 2018 na baadaye kununuliwa na Canva. Unafungua tovuti kwa Chrome au kivinjari kingine, unapakia picha, na ndani ya sekunde chache nyuma imeondoka. Bure ya hapo ina mpaka wake: picha unayopewa bila kulipa ni ndogo, ya pikseli zipatazo robo milioni, mfano 625 kwa 400. Pikseli ni zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha. Kiasi hicho kinatosha status na picha ya wasifu. Hakitoshi bango. Karatasi ya A4 ikichapishwa kwa ubora wa kawaida wa kiwandani inahitaji pikseli 2480 kwa 3508, hivyo ukipeleka ile ndogo kwa mchapaji, uso utatoka na vijisanduku. Ukitaka picha kubwa utalipia ndani ya tovuti.

Adobe Express nayo inaondoa nyuma bila malipo. Itakutaka ufungue akaunti kwa barua pepe. Canva wengi wanayo tayari kwa ajili ya kadi za mwaliko na matangazo, lakini kitufe chake cha kuondoa mandhari kimewekwa katika toleo la kulipia. Ushauri wangu kwa mwenye Canva ya bure: kata picha kwingine, kisha ilete Canva kwa ajili ya kupanga na kuandika bei. Photoroom, iliyotengenezwa Paris, inawafaa hasa wauza bidhaa kwa sababu ina mandhari nyingi zilizo tayari, ila picha za toleo la bure hutoka na chapa yake pembeni.

Neno la tahadhari kabla hujapakua chochote. Katika duka la programu za simu zipo nyingi zinazojiita za bure, ambazo baada ya siku tatu au saba za majaribio huanza kukata pesa kila wiki. Kabla ya kuweka namba ya kadi au kukubali malipo ya simu, soma maandishi madogo chini ya kitufe. Ukishajaribu na hukupenda, kufuta programu hakusimamishi makato. Ingia Google Play au App Store, sehemu ya "Subscriptions", uyasimamishe huko. Na usipokee programu ya aina hii kwa faili la APK kutoka kwenye kundi la WhatsApp, hata kama aliyelituma ni mtu unayemwamini.

Picha ikishakatwa, nyuma yake utaona miraba midogo ya kijivu na nyeupe. Usishtuke. Hiyo ni alama tu kwamba pale hakuna kitu, ni uwazi. Ili uwazi huo ubaki, hifadhi picha kwa aina ya PNG. Ukiihifadhi kama JPEG, ambayo ndiyo aina ya kawaida ya picha za simu, uwazi utajazwa rangi, mara nyingi nyeupe na pengine nyeusi, nawe utaanza upya. Hili ndilo jambo linalowakwaza wengi: mtu anakata vizuri, anamtumia mwenzake kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na inapofika uwazi umepotea. Tuma kama faili, kwa njia ile ile ya "Document".

Kuna njia nyingine ambayo imeenea haraka kuanzia 2025, nayo ni kuiambia akili unde kwa maneno. Unapakia picha katika ChatGPT au Gemini, unaandika unachotaka, na inakuletea picha mpya. Kiswahili inaelewa. Andika kwa ukamilifu: "Badilisha mandhari ya nyuma iwe ukuta mweupe usio na kitu. Usibadilishe kiatu, rangi yake wala maandishi yake. Mwanga utoke kushoto kama ulivyo sasa." Matoleo ya bure huruhusu picha chache kwa siku, kisha yanakuambia usubiri.

Lakini elewa inachofanya. Tovuti kama remove.bg inakata picha yako. Hii inachora picha upya kwa kuitazama ya kwako. Kwa hiyo inaweza kukupa kiatu chenye matundu sita ya kamba badala ya matano, herufi za chapa zikapinda, ua la kitenge likageuka umbo. Kwa uso wa mtu ni mbaya zaidi: ngozi inang'arishwa bila kuombwa, pua inanyooshwa, alama ya kuzaliwa inapotea, na mama mzazi akiiona atauliza huyu ni nani. Ukiiomba ikupe mandhari yenye uwazi, mara nyingine inakuchorea ile miraba ya kijivu kama mapambo, na uwazi wenyewe haupo. Mimi naitumia kutengeneza mandhari peke yake, tuseme meza ya mbao yenye mwanga wa asubuhi, kisha bidhaa halisi naiweka juu kwa mkono. Anayeuza ana sababu moja zaidi ya kufanya hivyo: mteja akipokea kitu kisichofanana na picha, atakachorudisha si picha.

Hapo tunafika kwenye kazi ya mkono. Kuza picha iliyokatwa na mashine, ukague kingo zake pole pole. Utakuta pindo jembamba la rangi ya mandhari ya zamani likizunguka mabega, sehemu ya sikio imeliwa, nafasi kati ya mkono na kiuno bado ina ukuta, mkanda wa mkoba umekatika katikati. Haya yanarekebishika, na kifaa cha kuanzia ni Photopea. Inafunguka ndani ya kivinjari, haihitaji kusakinishwa, ni ya bure ingawa ina matangazo pembeni, na picha unayoifungua inafanyiwa kazi kwenye kifaa chako bila kupelekwa kwingine. Kwenye simu inafunguka pia, ila vidole vitakuwa vinene. Kwa kazi hii kompyuta yenye mausi, hata ya kukodi kwa saa pale kwenye huduma za intaneti, inakuokolea muda.

Ukiwa huko, jambo la kulielewa kwanza ni tabaka. Fikiria vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: cha chini kina mandhari mpya, cha juu kina kiatu, na unatazama kutoka juu. Fungua kwanza mandhari mpya, kisha iburute juu yake picha yako ya awali, ile ambayo haijakatwa. Kila moja itakaa tabaka lake, na orodha yake utaiona upande wa kulia.

Chagua tabaka la kiatu. Chukua kifaa cha "Quick Selection" kutoka safu ya kushoto na upake juu ya kiatu. Mstari wa vinukta utakizunguka. Palipozidi, bonyeza kitufe cha Alt huku ukipaka, na patapunguzwa. Sasa nenda "Select", kisha "Modify", uchague "Contract" na uandike pikseli 1, ili mstari uingie ndani kidogo na kuliacha nje lile pindo la rangi ya zamani. Rudi hapo hapo uchague "Feather", pikseli 1 pia, ili ukingo usiwe mkali kama uliokatwa kwa wembe. Kwa picha kubwa sana ongeza hadi 2. Chini ya orodha ya matabaka bonyeza kitufe chenye umbo la mstatili wenye duara katikati. Nyuma itatoweka.

Kilichotokea ni kwamba hukufuta kitu. Umeweka maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu usizozitaka huku zenyewe zikiwapo chini. Chukua brashi: ukipaka rangi nyeusi juu ya maski unaficha, ukipaka nyeupe unarudisha. Sikio lililoliwa linarudi kwa nyeupe, ukuta uliobaki kiunoni unaondoka kwa nyeusi, na herufi X kwenye kibodi inabadilishana rangi hizo mbili. Hii ndiyo sababu ya kutotumia kifutio hata siku moja katika kazi hii. Kifutio kikikosea, kimekosea.

Nywele zina utaratibu wake. Usijaribu kufuata kila unywele. Hata mafundi hawafanyi hivyo. Kwa nywele fupi au afro, tumia brashi yenye ukingo laini na upite kando kando kwa kugusagusa. Kwa rasta na misuko, fuata kila msuko mkubwa na iache midogo iliyochomoza ipotee. Kwa mtandio mwepesi unaoonyesha nyuma, punguza nguvu ya brashi hadi kama asilimia 40 ili mandhari mpya ionekane kidogo kupitia kitambaa. Kama mandhari mpya ina rangi inayokaribiana na ya zamani, makosa mengi hayataonekana kabisa, na hii ni hila halali: ukuta wa krimu ubadilishe uwe mweupe, si uwe bahari usiku.

Wanaofanya kazi nyingi na wenye kompyuta yao wanaweza kupakua GIMP, ambayo ni ya bure tangu ilipotoka 1996 na haina matangazo. Ina kifaa cha "Foreground Select": unazungushia mtu mstari wa juu juu, unabonyeza Enter, unapaka ndani yake, unabonyeza Enter tena. Maski ipo pia na inafanya kazi kwa namna ile ile.

Umeshakata. Kwa nini basi kiatu bado kinaonekana kama stika iliyobandikwa? Karibu kila mara jibu ni kivuli. Kitu kilichosimama juu ya meza huacha weusi mdogo pale kinapogusana nayo, na programu imeuondoa pamoja na mandhari. Tengeneza tabaka jipya kati ya mandhari na kiatu, chukua brashi laini nyeusi, uteremshe "Opacity", yaani kiwango cha kuonekana, hadi asilimia 30. Paka mstari mwembamba chini kabisa ya soli, kisha mpana zaidi na hafifu kuelekea upande ulio kinyume na mwanga. Dakika mbili tu, na kiatu kinashuka mezani.

Angalia pia mwanga unatoka wapi. Kama uso wa mtu umeangazwa kutoka kulia na jua la mandhari liko kushoto, mtazamaji hatajua kosa ni nini lakini hataamini. Geuza mandhari kulia kwenda kushoto. Usimgeuze mtu, maana maandishi ya fulana yatasomeka kinyumenyume na saa itahamia mkono mwingine. Rangi nazo zikubaliane: picha iliyopigwa chini ya taa ya njano ndani haikai vizuri juu ya anga la saa sita mchana mpaka uipunguzie unjano. Na kimo cha kamera: mtu aliyepigwa picha kutoka juu hawezi kusimama mbele ya jengo lililopigwa kutoka chini. Hilo halina dawa, tafuta mandhari nyingine. Mandhari zenyewe utazipata bure na kwa ruhusa katika tovuti za Unsplash na Pexels. Kuchukua tu picha yoyote iliyojitokeza Google ni kuchukua mali ya mtu.

Picha za nyaraka ni habari tofauti. Watu huuliza kama wanaweza kupiga picha nyumbani na kuweka nyuma nyeupe kwa ajili ya pasipoti, viza au bahati nasibu ya viza ya Marekani. Kwa Marekani jibu liko wazi: Wizara yao ya Mambo ya Nje inakataza picha iliyobadilishwa kwa programu za kompyuta, za simu, vichujio au akili unde. Nyuma iwe nyeupe au inayokaribia nyeupe tangu picha inapopigwa, picha isizidi miezi sita, miwani ivuliwe. Ya kidijitali iwe mraba, pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, na faili lisizidi kilobaiti 240. Kupunguza ukubwa na kukata pembeni kunaruhusiwa. Kugusa uso na nyuma hakuruhusiwi. Basi shuka jeupe lililopigwa pasi na dirisha vinakutosha. Ofisi nyingine zina rangi na vipimo vyake, soma fomu husika kabla ya kwenda studio, na mwambie fundi mapema kwamba hutaki nyuma iwekwe kwa kompyuta. Kwa kitambulisho cha kazi au CV ya kawaida hakuna anayekataza, ila uso ubaki wako.

Picha ya mtu mwingine iombee ruhusa, ya mtoto iombee ruhusa kwa mzazi. Uso ni taarifa binafsi, na Kenya ina sheria ya kuzilinda tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Unapopakia picha katika tovuti, imetoka mikononi mwako na iko kwenye kompyuta ya kampuni fulani ng'ambo. Kwa hiyo picha za kitambulisho, hati za hospitali au za faragha ya nyumbani zifanyie kazi kwa Photopea, GIMP au kwa uwezo wa simu yenyewe. Kumweka mtu mahali ambapo hakuwapo, tuseme kwenye mkutano wa chama au kando ya kiongozi, kisha kuisambaza picha hiyo kama kweli, kunaweza kukufikisha polisi kwa sheria za makosa ya mtandao.

Kazi ikiisha, hifadhi mara mbili: nakala yenye matabaka yake, ambayo Photopea huihifadhi kama PSD na GIMP kama XCF, ili kesho ukitaka kubadilisha rangi usianze upya, na nakala ya kutuma, JPEG kwa status au PNG kama unahitaji uwazi.

Zipo picha ambazo ni afadhali kumpa fundi: shela la bibi harusi, nywele zilizopeperushwa na upepo, picha ya marehemu iliyochakaa inayohitajika kwa bango la msiba. Mpelekee faili halisi kwa kumbukumbu ya USB au barua pepe, si picha ya kupigwa kutoka kioo cha simu nyingine. Elewaneni bei kabla, na mwambie unataka nini mkononi: nakala kubwa ya kuchapisha, nakala ndogo ya kutuma, na ile yenye matabaka. Akimaliza usilipe kwa kuitazama kwa mbali kwenye skrini yake. Ikuze, pita kwenye nywele, masikio na vidole, hesabu vidole vyenyewe, kisha toa pesa.